Nilivyovundikwa Kyela

Natangaza rasmi, kwa masikitiko na kwa niaba ya jiko letu la Makandana, hapa Tukuyu: ndizi tulizovundika kwenye pipa wiki iliyopita zimegoma kuiva.

Alhamisi. Ukungu tangu asubuhi. Soksi zangu ziko kambani siku ya nne.

Shangazi, aliyenilea, anaamini joto ndilo linaloivisha kila kitu. Nilipofika kidato cha tatu bila kuona hedhi, alilaumu baridi ya Tukuyu. Akanipeleka Kyela kwa ndugu zake, kwenye joto, likizo tatu mfululizo. Nilirudi na malaria na mchele.

Sasa nina miaka ishirini na sita. Hedhi bado.

Mwezi uliopita nikaenda kupima Mbeya. Daktari alinichorea kwenye karatasi, nikamuuliza maswali mpaka akachukua karatasi ya pili. Kromosomu zangu ni XY, kama za wanaume wengi. Kizazi sina, ovari sina. Uke upo, ila unaishia njiani, kama uchochoro usiotokea barabarani. Tumboni nina korodani mbili zinazotoa homoni za kiume kwa bidii, na mwili wangu hauzisikii hata kidogo. Nyingine unazigeuza za kike, ndiyo maana nina matiti. Nywele za kwapa hazikuota. Bweni zima lilinionea wivu.

Nilitoka pale nimeshangaa kuliko kuogopa. Vitu vyote hivyo, na sisi tunalaumu baridi!

Woga ulikuwa wa leo. Jumamosi watu wa Lusajo, mpenzi wangu, wanaleta posa, na wa kuipokea au kuikataa ni shangazi. Nikamweleza tukichambua maharage.

“Kwa hiyo wewe ni mwanaume?”

“Shangazi, si wewe uliyekuwa unaniogesha?”

Akafikiri. “Kweli. Na mtoto?”

“Kuzaa sitazaa.”

Nikaona anatupa maharage mazuri upande wa mabovu.

“Lusajo anajua?”

“Nilimwambia siku ile ile ya majibu.”

“Akasemaje?”

“Jana kauliza waje saa nne au saa tano.”

Shangazi akaanza kuyarudisha yale maharage, moja moja.

“Mwambie saa tano, mwanangu. Saa nne ukungu unakuwa haujatoka.”

Tumefunua pipa. Ndizi bado mbichi.

Tumezipika na maharage.