Rangi ya Kuogea ya Shufaa

Bugene, Karagwe
Mfungo Tatu

Bwana wangu Saleh,

Pokea salamu zangu na za mwanao Shufaa. Sisi wazima, duka lipo, mvua zimeshaanza.

Shufaa alikuwa akilia kila akiona maji ya kuoga, basi nimemtengenezea rangi ya kuchezea. Napika uji mwepesi wa mtama, ukipoa nautia udongo mwekundu, na mwingine maji ya majani niliyoyatwanga. Mara ya kwanza nilitia masizi, akashinda na sharubu, majirani wakamcheka. Hii ya sasa inatoka kwa kopo moja la maji.

Anaingia karaini, anachora ubavuni mwa karai. Alikuwa akikuchora wewe. Kilemba chako alikitaka cheupe, nikampa liwa yangu ya kujipaka, ile uliyoniletea, niliyokuwa nimeiweka kwa siku utakayorudi. Akimaliza anakumwagia maji na kupiga kelele, "Baba kasafiri!" Anacheka sana. Mimi nageuza uso.

Seif muuza nguo za kaniki amerudi kutoka Bukoba. Anasema umejenga huko, na barazani kwako yupo mwanamke anayekaribisha wageni. Sikumwuliza jina lake.

Sabuni ikipatikana, tuletee.

Jana Shufaa alinichora mimi, akajichora mwenyewe, akamchora na mbuzi wetu. Nikamwuliza, "Na baba?" Akasema rangi imekwisha.

Bakuli la rangi lilikuwa bado limejaa.

Mkeo, nipo palepale uliponiacha,
Adija