Mama Mkwe Hakumbatiwi

Baraka, ng'ambo ya ziwa, Jumapili jioni. Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa imekatika na mji mzima unanukia udongo na samaki. Nina aibu na nina furaha. Acha nianze na aibu.

Jana tulishuka ufukweni hapa, mimi, mke wangu Sifa na binti yetu Neema, baada ya safari ndefu ya boti kutoka Kigoma. Sifa ni mzaliwa wa Baraka. Vita viliwatoa yeye na mama yake akiwa mdogo, akakulia kambini upande wetu. Mama alirudi nyumbani, Sifa akabaki, nikamwoa Morogoro. Mama mkwe nilimjua kwa sauti ya simu tu. Miaka yote hiyo swali langu lilikuwa moja: atanikubali, mimi niliyemwoa mwanawe yeye hayupo?

Sifa akanionyesha kwa kidole, nikamwona amesimama mchangani, kajifunga kikwembe kipya, anatutazama. Sifa alikuwa bado anashusha mizigo. Mimi kwa kiherehere changu nikamkimbilia, nikamkumbatia kwa nguvu zote.

Akakakamaa kama mti. Kisha akajichomoa, akajifunika uso kwa kikwembe, akaenda zake.

Wauza samaki waliacha mabeseni yao. "Yoo! Mukwe anamukumbata mama mukwe!" Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Sifa alijishika kichwa. Kumbe huku mkwe wa kiume hampi mama mkwe hata mkono. Hawakai pamoja, hawali pamoja. Ndiyo heshima yenyewe. Alidhani najua.

Nilitamani boti inirudishe.

Leo habari ilikuwa imenitangulia kila mahali. Tulipotoka kanisani, dereva wa pikipiki alipunguza mwendo makusudi: "Mukwe, leo unakumbata nani?" Sokoni, mama mmoja muuza sombe, kisamvu chetu, alituongezea fungu zima, akaniambia, "Usiogope, papa. Huku kwetu mama mukwe habamukumbatiake, lakini habamufukuze mutu."

Niseme ukweli, nimeupenda mji huu. Barabara ni tope tupu, lakini akina mama wanapita na mabeseni ya ndagala, dagaa wa huku, kichwani, mgongo umenyooka, wanasalimia kila mtu, hata sisi wageni. Kwaya zinajibizana kutoka kanisa hili hadi lile. Watu hawa wamekimbia, wamerudi, wamepanda mihogo upya, na bado wana nafasi ya kumtania mgeni. Kwetu ningenuniwa mwezi mzima.

Lakini mama mkwe alikuwa hajanena neno.

Mchana nikaandaliwa chakula barazani, peke yangu. Bukari, yaani ugali, mlima mzima, samaki anaogelea kwenye mawese. Sifa alikuwa kwa jirani. Mama mkwe na Neema walikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, hatua chache tu, nikasikia sauti ile ya simu:

"Neema, ambia baba yako bukari iko. Akule ashibe."

Neema akaja mbio, akaniambia. Nami nikamtuma: mwambie bibi nashukuru, na naomba anisamehe ya jana.

Neema akarudi jikoni mbio. Nikatega sikio.

"Muambie asiweke ile maneno ku roho. Hakujua." Kisha akaongeza, "Pelekea mutoto wangu maji ya kunawa."

Neema akashangaa. "Mtoto wako yupi, bibi? Mama hayupo."

"Ule iko ku baraza."

"Huyo si baba?"

"Njo yeye ule."

Neema akaniletea bakuli kwa mikono miwili, maji yanamwagika njia nzima. Nikanawa. Kisha nikala mpaka nikashiba, kama alivyoagiza.

Kesho asubuhi nitamsalimu mama yangu. Nitasimama mbali, kule mlangoni, na nitapaza sauti hadi wauza samaki wasikie.