Bogenvilia Zilizonyweshwa Kupita Kiasi

3 Machi

Dada,
Shikamoo. Goti linaendeleaje? Sisi wazima, wagonjwa ni maua. Zile bogenvilia ulizoziotesha kabla hujaondoka zimejaa majani, ua hata moja hakuna, na majani ya chini yanageuka manjano. Nazimwagilia asubuhi na jioni. Mwenye hoteli anafungua bustani tarehe 10 Aprili. Amesema asipoona maua, na mimi asinione.

Najua una kinyongo kwa vile nilimwambia macho yako yamekwisha, nikapewa kazi yako. Hayo tuyaache. Nisaidie.
Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,
Marahaba. Goti linauma. Macho yapo, barua yako nimeisoma bila miwani, hata pale ulipofutafuta.

Funga bomba. Vile ni vichaka vya ukame: vikishiba maji vinatoa majani tu, vikikaa kwenye tope mizizi inaoza. Viache na kiu mpaka majani yalegee, ndipo uvinyweshe mara moja, kisha funga tena. Vitatoa maua mpaka uchoke kufagia.
Dada yako

15 Machi

Dada,
Shikamoo. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Mti unakauka, wewe unaniambia niunyime maji! Ulidhani sitaushtukia mtego? Nimeongeza zamu ya mchana, na samadi juu.
Mdogo wako

11 Aprili

Mdogo wangu,
Marahaba ya mwezi mzima. Hujaandika, nikajua hali.

Jana mwenye hoteli alikuja kwangu na kichaka mkononi. Anasema hakukivuta, alikishika tu kikamfuata. Nikampa nakala ya barua yangu. Akaisoma mara mbili.

"Mama, sasa mbona hakufuata?"

"Baba, hilo muulize mwenyewe."

Nikuambie ukweli. Nilikaa siku mbili natunga uongo wa kukuandikia, wa kukuulia bustani yote. Kisha nikakumbuka nimekulea tangu unatambaa: nikisema kulia, wewe huyoo kushoto. Nikaona nisijichoshe, nikakuandikia kweli tupu.

Jumatatu narudi kazini. Kuna matope ya kuzoa, na mchanga wa kusukuma kwa toroli kutoka getini. Goti langu haliwezi, na mwenye hoteli ameniachia nichague kibarua. Nimekutaja wewe. Saa kumi na mbili asubuhi, na ukifika usishike bomba.
Dada yako