Kwa Daktari Huumwi, Kwangu Unaumwa

Mama Mkubwa, shikamoo. Natumaini hujambo na kazi za ukurasa wako zinakwenda vizuri, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako. Baada ya salamu, naomba uninusuru kabla sijafanya jambo la kujutia, maana barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana, na hii ya nne naiandika nimesimama, karatasi iko juu ya friji, kwa sababu kukaa siwezi kuzidi muda wa birika kuchemka.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, kazi yangu ni dobi, nimefanya miaka kumi na mitatu katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa, na kama hujawahi kutoa mashuka ya vitanda arobaini kwenye mashine isiyokamua sawasawa huwezi kujua maji yana uzito gani. Miaka mitatu iliyopita nilianza kukonda na kuamka nimelowa jasho, mgongo ukawa unauma, nikasema ni mashuka hayo, nikajichua na dawa za kuchua zote zinazouzwa, kumbe kifua kikuu kimeingia kwenye uti wa mgongo kinakula pingili moja baada ya nyingine. Miguu ilipoanza kufa ganzi ndipo nikapelekwa hospitali, nikapasuliwa, nikawekewa vyuma na skrubu, nikameza dawa mwaka mzima bila kuruka hata siku moja, nikapona. Nasema ukweli, ugonjwa ulikwisha, vipimo vinasema hivyo na natembea kwa miguu yangu mwenyewe. Maumivu ndiyo hayakukubali kuondoka. Yanaanzia kiunoni yanashuka mguu wa kushoto mpaka kwenye kisigino, nikipiga chafya nashika ukuta, nikitaka kugeuka kitandani nashika nondo ya dirisha, na kufunga kamba za viatu nimeshasahau, mwaka wa pili huu navaa ndala hata kwenye mvua.

Sasa nikwambie kuhusu mume wangu, na hapa ndipo roho inaponiuma kuliko mgongo. Yeye ni kinyozi, anasimama kutwa nzima kwenye vichwa vya watu, na akirudi nyumbani anachota maji, anafua, anadeki, ananisugua mgongo kuzunguka kile kidonda cha zamani kwa uangalifu kana kwamba kingali na nyuzi. Nguo zangu za ndani amezianika yeye, mchana kweupe, na wateja wake wakampachika jina, wanamwita Mke Mwenza, mtu anaingia kunyolewa anauliza, "Mke Mwenza, leo umefua magauni mangapi?" na yeye anacheka nao anaendelea kunyoa. Mama mkwe wangu alisema mbele yangu kwamba kuna watu uvivu wao umepata jina la hospitali, na mume wangu alimjibu mama yake, "Mama, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," wakanuniana miezi miwili kwa ajili yangu.

Kazini walinihurumia wakanipa kazi nyepesi ya kuhesabu taulo na kushona vifungo, lakini amekuja meneja mpya ambaye hataki huruma, anataka karatasi. Alisema nilete taarifa ya daktari, la sivyo tarehe mosi narudi kwenye mashine. Kwa kuwa mimi benchi la hospitali siliwezi, mume wangu alifunga duka lake akaenda kunichukulia, akaisoma njiani, akarudi nayo. Alisimama pale mlangoni akanisomea yote, mahudhurio kumi na moja, tarehe kwa tarehe: mgonjwa anaendelea vizuri, hana malalamiko. Mgonjwa anaendelea vizuri, hana malalamiko. Mara kumi na moja, Mama Mkubwa. Kisha akaikunja akaniambia bila hata kupandisha sauti, "Kwa daktari huumwi, kwangu unaumwa."

Na daktari hakuandika uongo, aliandika nilichomwambia mimi. Naingia, yeye kainamia faili, ananiuliza, "Hujambo mama, mgongo unaendeleaje?" na mimi mdomo unajibu wenyewe, "Sijambo daktari, unaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu." Ndivyo nilivyolelewa, mtu hujamaliza kusalimiana naye unamtupia matatizo? Halafu huyu ndiye aliyeniokoa miguu yangu, kumwambia bado naumwa naona ni kama kumrudishia mtu sahani na kumwambia chakula chake kilikosa chumvi, na nje kuna watu ishirini wanasubiri, na kabla sijajikusanya niseme lingine tayari ameshaandika na anamwita mwingine. Natoka naegemea ukuta wa getini nalia. Nikifika nyumbani mume wangu ananiuliza, "Umemwambia?" namjibu, "Nimemwambia." "Amesemaje?" "Amesema nivumilie." Daktari hakuwahi kusema nivumilie. Hilo nililitunga mimi, kwa sababu niliona aibu kusema kwamba nimesimama foleni saa nne nzima nikaenda kusema sijambo.

Liko na lingine, nalo sijamwambia mtu. Maumivu haya yana siku zake. Katika siku kumi inapatikana moja ambayo yananiacha kidogo, ningeweza kuosha vyombo, hata kudeki, na siku hiyo pia nilikuwa nalala, nikisikia mume wangu anaingia najigeuza ukutani. Nilijua nikiosha vyombo Jumatatu, Jumanne nitakabidhiwa beseni, na Jumanne mgongo utakuwa umerudi na hakuna atakayeniamini.

Tangu siku ile hagombi. Ameacha tu. Beseni la nguo liko katikati ya chumba siku ya tisa leo, analiruka anapita, na nikiguna kwa maumivu anaongeza sauti ya redio. Mara nyingine naomba hivi vyuma vikatike nianguke mbele ya watu ili waamini. Nimewaza tarehe mosi nirudi kwenye mashine niinue mashuka mpaka mgongo uvunjike, hapo mume wangu ataona alimsema nani. Nifanye hivyo, au niendelee kuitwa mwongo ndani ya nyumba yangu?

Ni mimi, Dobi.

*

MAMA MKUBWA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole. Pole ya kweli, si ya kupitia mlangoni. Kurasa nne za maumivu, umeandika umesimama kwenye friji, na mstari wa kwanza unaniambia wewe ni mzima wa afya, hofu ni kwangu! Nilicheka, kisha nikaona aibu kwa kucheka. Hata kwangu, nisiyekujua wala kukuona, umeshindwa kuanza na ukweli.

Kwenye mashine hurudi. Hilo nalisema kwanza ili usiendelee kusoma ukiwa na wazo hilo kichwani. Uwekewe vyuma, umeze dawa mwaka mzima, halafu ukauvunje mgongo kwa makusudi ili kinyozi ajute? Na akijuta, nani atakuosha? Ukianguka, wale wale wanaokuita mvivu watasema umejitakia, watakula msibani na kurudi kwao.

Daktari naye ana lake, usidhani sijaliona. Anayeuliza habari za mgongo huku kainamia karatasi ameuliza karatasi. Lakini yeye hayupo kwenye ukurasa huu, uliyepo ni wewe, na wewe mwanangu umekuwa muungwana mahali pasipotaka uungwana. Pale hospitali wenye adabu wameanza kuzikwa zamani. Mficha maradhi kilio humuumbua, na wewe kilio chako kimekuja kwa maandishi, mara kumi na moja, na mhuri juu yake.

Kwa hiyo chukua daftari. Kuanzia leo andika kila siku: nimekaa dakika ngapi, nimesimama dakika ngapi, nimelala saa ngapi, nimeinua nini na kikanifanya nini. Siku nzuri nazo uziandike, usizipunje. Baada ya wiki moja omba miadi, usisubiri ile ya zamu yako, na mume wako awemo chumbani, si nje kwenye benchi. Daktari akikusalimu mwitikie, kisha mwambie hivi hivi: "Daktari, hiyo ilikuwa salamu. Maumivu sijawahi kukuambia, na leo nimekuja nayo yameandikwa." Mpe daftari. Nyamaza mpaka alisome. Mwambie ulimficha kwa heshima, naye hutakuwa wa kwanza kumwambia hivyo. Mgongo uliopasuliwa unaweza kuendelea kuuma hata ugonjwa wenyewe umekwisha, si uvivu wala si utovu wa shukrani. Muulize kuhusu mazoezi ya viungo, muulize kama kuna mtaalamu wa maumivu, na umwombe barua kwa meneja inayotaja wazi vitu usivyoruhusiwa kuinua. Barua hiyo ifike kazini kabla ya tarehe mosi, na ubaki na nakala. Na kama miguu itaanza tena ganzi, au haja ikakutoka bila taarifa, usiandike daftari wala usiniandikie mimi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa mume wako. Umeandika kwa uchungu kwamba amekuacha kwa siku tisa. Mimi nimehesabu miaka miwili kabla ya hizo tisa. Mwanamume ameitwa Mke Mwenza kwenye duka lake mwenyewe, amekosana na mama aliyemzaa, na muda wote huo alidhani daktari anajua unavyoumwa, akawa anasubiri tiba ambayo wewe hukuwahi kuiomba. Umemtungia maneno ya daktari akayaamini. Nivumilie! Unajua nani alivumilia? Hicho kikaratasi hakikumwambia kwamba huumwi. Kimemwambia kwamba alipokuuliza, ulimdanganya, na kimesema kweli.

Utataka kumpeleka kwa daktari kwanza, ili asikie kwa mtu mwenye koti jeupe, halafu yale ya siku nzuri uyameze yaishie tumboni. Nakujua. Usifanye. Mwambie leo, akirudi kazini, kabla hajawasha redio. Mwambie kuhusu getini, mwambie kuhusu kujigeuza ukutani, na usitie machozi ili akuonee huruma kabla hujamaliza. Atakasirika, na huenda hasira hiyo ikawa kubwa kuliko ya karatasi. Mwache akasirike, ameichuma kihalali. Sikuahidi kwamba atakusamehe, kama nisivyokuahidi kwamba mgongo utapona. Ila usipomwambia, hata daktari akikuandikia barua ya kurasa ishirini, siku utakayolia kwa maumivu ya kweli atakutazama na kujiuliza kama leo ni kweli au ni uongo mwingine, na hakuna daktari duniani wa kumjibu.