Bibi wa Korea na nywele za Mama Achieng

Fundo la mwisho nimelifunga sasa hivi. Nimeweka sindano chini, nimenyoosha mgongo, na Bibi Sunja amesinzia kwenye kiti cha wateja, kofia yake ya sufu mapajani. Jumamosi asubuhi, Hallunda, huku Uswidi, manyunyu yale ambayo hayanyeshi wala hayaachi. Wigi liko mbele yangu kwenye kichwa cha plastiki. Naliogopa kidogo. Linafanana na mwenye nywele zake.

Naandika hapa kwa sababu nikisema kwa mdomo nitababaika.

Mimi nasuka nywele. Kwenye ukurasa huu nimeshaandika ya baridi, ya treni, ya mpira, hili sijawahi. Shangazi ana saluni ndogo nyuma ya duka la vitambaa, na mimi nakaa nyuma ya pazia. Wateja wengine wanadhani kuna msichana huko ndani. Yuko dada mmoja Mkenya, kila akija lazima afunue pazia: "Haki huyu kijana ana vidole kutushinda sisi wote! Sasa wewe utaolewa na nani?" Saluni nzima inacheka. Na mimi nacheka, macho chini.

Shule niliishia darasa la tano. Kusuka nilijifunza kwa dada zangu kule Kigoma, nikiwa nawaangalia tu. Kuangalia naweza. Kuongea ndio shida.

Mama Achieng anaimba sauti ya pili kanisani, na kazi yake ni kutunza wazee. Mwaka huu aliugua, akaanza kutibiwa hospitali ya Flemingsberg, wakamwambia nywele zitanyonyoka kwa dawa. Hakusubiri. Alikuja hapa akakaa kwenye kiti, akasema, "Zikateni zikiwa bado zangu." Shangazi alizikata, akazifunga kwenye leso.

Leo Achieng anaolewa. Mama yake hataki wigi la dukani. Alisema, "Nikisimama na mtoto wangu pale mbele, watu wasiangalie kichwa changu. Wamwangalie bibi harusi." Shangazi, bila hata kuniuliza, akamjibu, "Usijali dada, huyu kijana wangu ataliweza."

Sikuwa nimewahi kutengeneza wigi la namna hiyo, la kufunga unywele mmoja mmoja kwenye wavu. Nikaipokea leso tu. Si unajua nilivyo.

Basi, nikafanya kama tunavyofanya na rasta. Ukifungua pakiti unachambua, unavuta huku na huku, ncha zisilingane, ili msuko uishie mwembamba. Rasta ni plastiki, haina juu wala chini. Nikazichambua nywele zote za Mama Achieng hivyo hivyo, tena kwa madaha, najiona fundi.

Ndipo akaingia Bibi Sunja.

Huyu bibi anakaa ghorofa ya juu yetu, na ni Mkorea. Siku ya kwanza aliingia kwa sababu aliona mawigi dirishani. Akachukua moja, akaligeuza nje ndani kama mama anayekagua mshono wa shati la mtoto, akasonya, akalirudisha. Tangu hapo anakuja kunywa chai ya shangazi. Kiswidi chake kama changu, kifupi na cha polepole, kwa hiyo tunaelewana.

Aliziangalia nywele mezani, akafumba macho. "Kijana. Umechanganya mizizi na ncha."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba unywele una magamba kama samaki, yote yameelekea upande mmoja. Ukifunga mmoja juu na mwingine chini, yanashikana. Kabla ya jioni wigi linakuwa mkeka.

Ile kazi ingeharibika kichwani kwa mama wa watu, katikati ya harusi ya mwanawe. Na hizi nywele hazina duka.

Bibi akavua koti. Akachukua unywele mmoja, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, na ule unywele ukatembea. Kweli, ulitembea wenyewe, kama mdudu! Akaugeuza, akasugua tena, ukatembea kurudi ulikotoka. "Unatangulia na mzizi," akasema. "Siku zote." Tukakaa, tukaanza kupanga upya, mmoja mmoja.

Ikawa kila nikimaliza wateja, anashuka. Na mikono ikiwa na kazi, mdomo wake unafunguka.

Lazima niseme ukweli. Mimi nilidhani Korea ilizaliwa hivyo, na simu zake na magari yake. Kumbe bibi kwao walikula shayiri, wakawasha matawi ya msonobari kupikia. Wanunuzi wa nywele walikuwa wanapita vijijini wanapiga kelele kama wauza maji, na mama yake alikata zake akaziuza. Bibi akiwa binti mdogo akaingia mjini, kiwanda cha mawigi. Wasichana kwenye mabenchi marefu, kila mmoja na sindano ya ndoano, mawigi yanakwenda Amerika. Walilala wamebanana chumba kimoja. Dada yake mkubwa macho yaliharibika humo humo, na ukilalamika unafukuzwa. Hilo bibi alilisema mikono ikiwa imesimama.

Mshahara ulikwenda nyumbani. Mdogo wao wa kiume akasoma. Akaja kufanya kazi kwenye meli, kuzitengeneza, zile kubwa kama mtaa.

Juzi mwana wa Bibi alishuka kumtafuta. Ni injinia, kazi yake iko Kista, upande wa pili wa mji, mtu mpole. Alituona tumeinama akacheka. Akaniambia kwao ilianza hivi hivi, nywele na mashati na viatu, halafu redio, halafu meli, ndio zikaja hizi simu. Akasema hata Taiwan watu waligeuza sebule zao viwanda, familia nzima inaunga taa za Krismasi baada ya chakula. Wasomi wanaita muujiza, akasema. Ilikuwa mipango ya serikali, mikopo, shule, kuuza nje.

Bibi hakuinua hata kichwa. "Muujiza? Mungu hakufunga fundo hata moja. Tulifunga sisi."

"Na shule, mama."

"Na shule. Nani alilipa?"

Mwanawe akainama, akamrekebishia skafu shingoni. "Nyinyi, mama."

Mimi nikaendelea kusugua unywele wangu. Lakini kitu kilinipanda kifuani. Nchi nzima, kumbe ilisimama kwa kazi kama hii ninayoificha nyuma ya pazia. Tena walikuwa wadogo kuliko mimi, na shule hawakuwa nayo.

Sisemi nitajenga meli. Sisemi hata kwamba ilikuwa haki, yale ya macho ya dada yake. Nasema tu kwamba nilikaa wima.

Jana yule dada Mkenya alifunua pazia kama kawaida. Mdomo ulikuwa wazi tayari, lakini utani haukutoka. Alisogea, akapuliza wigi kidogo, nywele zikapepea zikarudi mahali pake. "Wewe," akasema polepole. "Hii umefanya wewe?"

"Mimi na Bibi," nikasema. Kwa sauti. Shangazi aligeuka kuangalia ni nani ameongea.

Baadaye yule dada, akiwa amewaaga wote, akakaa kwenye kiti akagoma kuondoka. "Mimi naanza kutafuta mke wa kukuoa," akasema, wakacheka, na mimi nikamwangalia usoni nikacheka naye.

Siku zote kazi zangu anazipeleka shangazi. Leo asubuhi, kabla sijalimaliza, nilimpa boksi la kulibebea, akakunja mikono. "Peleka mwenyewe. Mama Achieng amesema anataka kuvishwa na aliyelifunga." Maana yake chumba kizima cha akina mama, mashangazi wa bibi harusi, wapiga picha, na mimi katikati na kitana. Ingekuwa zamani ningeumwa kichwa ghafla.

Leo nataka wajue ni nani aliyefunga.

Bibi Sunja ameamka. Amevaa kofia yake, amesimama mlangoni na mwavuli, anauliza mbona bado nabonyeza simu. Anakuja na mimi, anataka kuona nywele zinavyocheza Mama Achieng akiimba. Saa ya treni inakaribia, na Mama Achieng amepiga simu: amekaa na kitambaa kichwani, amewaambia wote hakitoki mpaka nifike mimi.

Naenda.