Macho ya Mamako na Sehemu ya Saba ya Kartar

Kibokoni, Mombasa
14 Oktoba 1993

Mpendwa mwanangu Taib,

Salamu nyingi zikufikie hapo Maskati, wewe na mkeo na hao wajukuu ambao nawajua kwa picha tu. Hali yako? Kazi yaendaje? Na lile joto la huko, bado lakuchemsha? Sisi huku tu wazima, Alhamdulillahi. Goti langu la kulia limegoma, lakini ulimi uko salama, na mimi ulimi ndio miguu yangu. Hati ikikushinda, samehe. Shule mimi niliiona kwa nje.

Najua ushaandikiwa habari ya mamako, na wote wamekuandikia uongo. Kibokoni nzima yaisimulia na hakuna hata mmoja aijuaye. Wako wasemao Bi Mejumaa alikataa kutibiwa macho kwa upumbavu wa filamu. Wengine wasema alibebwa juu juu mpaka hospitali akilia. Basi tulia uisikie kwangu mimi mjombako, niliyekuwapo toka mwanzo, na bila mimi hata hiyo habari isingekuwapo.

Wewe uliondoka tushaona ile filamu ya Kihindi ya Kartar, sehemu ya tano. Ya sita ilikuja mwaka wa themanini na nane. Inspekta Kartar yuwaning'inia darajani, garimoshi laja, kamba yakatika uzi mmoja mmoja, mara taa za sinema zikawashwa. Basi. Miaka mitano sasa mji mzima wamngojea mtu anayening'inia. Kila Alhamisi Thoya, yule abandikaye mabango ya sinema pale Makadara, hukuta watu washajipanga ukutani kabla hajakoroga gundi. Akibandika bango la filamu nyingine hutukanwa yeye, kana kwamba ndiye aliyemtundika Kartar.

Lakini katika wote hao hakuna amfikiaye mamako. Zamani za shoo ya wanawake, Jumatano alasiri, wao walikuwa wakitangulia kuona, sisi wanaume baadaye. Mamako akirudi, avua buibui, anisimulia filamu nzima na nyimbo zake, na Kihindi hakijui hata neno moja. Mimi huyo mpaka barazani, natoa habari wenzangu hawajakata tikiti. Hizi sifa zangu zote za mjini, nusu ni zake. Robo, tuseme.

Mwaka huu mtoto wa jicho alimtanda macho yote mawili. Daktari akasema apasuliwe upesi, akichelewa asimlaumu mtu. Dada zako wakambembeleza, imamu akaja, wapi. Nikaenda mimi. Nikamuuliza kama yuwaogopa kisu. Akanijibu taratibu, huku achambua mchele kwa vidole, maana kwa macho alikuwa hauoni tena:

"Kaka, kimwanga hiki kilichobaki namwekea Kartar. Nimpe daktari akizime?"

Umeona? Hapo pana upumbavu gani? Mtu ana tone moja la maji, na daktari amwambia nipe hilo, huenda nikakurudishia mtungi. Hiyo "huenda" ndiyo aliyoikataa mamako.

Nikatoka, nikafikiri mpaka kichwa kikafuka moshi. Siku ya tatu nikarudi na habari. Nikamwambia kwamba Kioko, yule Mkamba wa bandarini ampendaye Kartar kuliko Wahindi wenyewe, ameona mikebe ya filamu imeshushwa ghalani, imeandikwa Kartar, sehemu ya saba, yangoja karatasi za forodha tu. Mamako akauliza ni mikebe mingapi. Nikamwambia kumi na minane. Akasema basi hiyo ni ndefu.

"Na kwa macho hayo, Mejumaa," nikamwambia, "utaona sharubu tu."

Asubuhi yake alivaa buibui mwenyewe akanitangulia mlangoni. Hakubebwa na mtu. Hospitali mimi ndiye niliyetetemeka, hata nesi akaniuliza kama nami nimekuja kupasuliwa. Mamako alilala pale kimya, na daktari alipomaliza, yeye ndiye aliyempa pole daktari kwa kazi.

Walipomfungua kitambaa, wa kwanza kuonekana nikawa mimi. Akaniangalia sana.

"Kumbe umezeeka hivi, kaka, na watu wamenificha."

Mashujaa nimewaona wengi, wa sinema na wa nje, na n'nakuapia hakuna ampataye dada yangu. Sasa jicho la pili nalo lishapasuliwa. Atunga uzi kwenye sindano bila kuomba msaada, na kofia ashonayo ni yako. Nimejaribu kuivaa mimi, nikapigwa kofi mkononi.

Mamako akusalimu. Dada zako Mwanasha na Time wakusalimu, na Thoya na Kioko pia. Nisalimie mkeo na watoto. Mola akupe riziki ya halali, akulinde na jua la huko na maneno ya watu wa huku.

Sasa mwanangu, kabla sijalamba bahasha, kuna kipande kimoja nilikitia mwenyewe. Mikebe haipo. Kioko hakuona kitu; siku hizo alikuwa likizo kwao Machakos, na leo akija Kibokoni hupita uchochoro wa nyuma asikutane na mamako. Mamako naye kila Alhamisi yuko mbele ya ukuta wa Thoya, macho makavu kabisa, yuwangoja.

Basi waulize Wahindi wa huko. Kartar akiwa yuwaja, niandikie mbio. Akiwa haji, nyamaza, mimi nitatafuta la kusema. Ila usilitaje kwenye barua zake. Zamani nikimsomea mimi, na penye ubaya naruka. Siku hizi yuwazisoma mwenyewe.

Ni mimi mjombako akupendaye, asiyesema uongo ila mara hiyo moja,

Mselem