Mtu wa Tatu kwenye Kaya

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za huko, na afya yako? Mwanao Kidoti anaendeleaje? Mimi mzima, ukiacha goti, ambalo fahali mmoja wa juzi aliliaga kwa teke kabla hajafa. Sikumchukia. Ningekuwa mimi ningepiga mawili.

Nimekipata kile kijitabu cha ruzuku ya bima ya afya ulichoniulizia. Kilikuwa kinagawiwa bure, na wenzangu hapa machinjioni wamekitumia kufutia visu. Mimi nimekisoma kuanzia jalada hadi jina la mpiga chapa. Unajua hapa wananiita Wakili, mtu niliyeishia darasa la sita, kwa sababu nasoma hata gazeti lililofungia nyama.

Sasa sikiliza. Serikali haichangii bima ya mtu, inachangia bima ya kaya. Kaya ni wote walio chini ya paa moja, na mke na mume wanahesabiwa kaya moja hata kama hawasemeshani. Mapato ya kaya yakizidi kiwango, ruzuku hakuna. Wewe na mshahara wako wa dobi mko chini ya kiwango kiasi cha kuonekana mnatania. Lakini ukijumlishwa na shemeji na mshahara wake wa kuendesha lori la kokoto, mnavuka. Yaani serikali inaamini yule bwana aliyempigiza mwanawe kwenye fremu ya mlango, mpaka mtoto akaanza kuanguka kifafa, ndiye anayemnunulia dawa.

Usikate tamaa. Ukurasa wa kumi na moja: "Mke aliyetengana na mumewe anaweza kuhesabiwa kuwa kaya peke yake." Nimepigia mstari, kwa bahati mbaya ni wa damu. Nitumie fomu niijaze mimi. Mwandiko wako mzuri ila una huruma. Ulipoulizwa hospitalini uliandika umeanguka ngazini, na nyumba yenu haikuwa na ngazi.

Kaka yako

15 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa. Sisi hatujambo. Kidoti ameanguka mara mbili tu mwezi huu, na mara zote nilikuwa karibu. Vidonge ninavyo vya wiki saba, nikivikata nusu vitafika kumi na nne.

Fomu hiyo hapo. Nilijaribu kuijaza palepale dirishani. Yule dada akaniuliza, "Una mume?"

"Ninaye."

"Yuko wapi?"

"Mbali, na Mungu amjalie akae hukohuko."

"Mama, hapa kuna ndiyo na hapana. Mungu hana mstari wake."

Nimekwama mstari wa tisa: mahali mwombaji anapoishi sasa. Yule mtu hajui tulipo, ni miezi mitano sasa tangu nimkimbie. Hata kazini nimesema mimi ni mjane. Wamenihurumia, wakanipa zamu ya pasi kubwa ya mashuka, ile inayounguza mikono. Niandike nini hapo?

Mdogo wako

22 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na goti linakusalimu. Barua yangu ni fupi maana leo tuna ng'ombe sitini.

Mstari wa tisa nimeandika ukweli: mtaa, nyumba, chumba cha pili nyuma ya fundi viatu. Kijitabu kinasema atakayedanganya anwani atafungiwa ruzuku miaka mitatu, na Kidoti hana miaka mitatu ya kusubiri. Usiogope. Karatasi ikishaingia kwenye droo ya serikali, hata serikali yenyewe huwa haiioni tena.

Fomu nimeituma jana kwa rejista. Mbusu Kidoti kwenye kile kidoti cha shavuni.

Kaka yako

30 Aprili

Kaka,

Tuko hai, hiyo ndiyo habari ya afya. Naandikiwa na fundi viatu, maana vidole vyangu viwili vya kulia vimevunjika. Nimemwambia aandike ninavyosema, asipambe. (Sipambi. Fundi.)

Yule mtu alikuja Jumamosi saa sita mchana. Alibisha hodi. Fikiria, mtu yule, hodi! Nikafungua nikidhani ni mteja wa Fundi amekosea mlango. Mkononi alikuwa na karatasi yenye muhuri, akanisomea kama anasoma risala: "Unatakiwa uthibitishe kama wewe na mkeo, anayeishi kwenye anwani iliyo hapa chini, mmetengana." Akaikunja vizuri, akaitia mfukoni.

"Nimekuja kuthibitisha," akasema.

Nikasukuma mlango, naye akausukuma kwa bega huku vidole vyangu viko kwenye fremu. Nilisikia mlio kabla ya maumivu, kama kuni kavu. Alikuwa na ile spana ya magurudumu. Ya kwanza ikanipata begani. Ya pili nikaikwepa, ikapasua beseni. Ya tatu mdomoni. Nimepoteza meno matatu. Mawili niliyaona sakafuni, la tatu nadhani nimelimeza. Kidoti akaanguka palepale. Anatupa miguu, povu limechanganyika na damu, na baba yake akamruka kama mtu anayeruka dimbwi, ili anifikie vizuri. Ndipo nikamrukia mimi. Kwa meno niliyobakiza nikamng'ata sikio, na kipande nikabaki nacho.

Fundi akaja na nyundo ya soli, akampiga mgongoni mara mbili. (Tatu. Fundi.) Yule mtu akatoka akitembea, hakukimbia. Mlangoni akageuka: "Karatasi yao nitaijibu."

Polisi wameandika "ugomvi wa mke na mume nyumbani." Nilipowaambia hapa si nyumbani kwake wakaniuliza kama nina cheti cha talaka.

Nilikwenda ofisi ya bima na uso huuhuu. Yule dada wa dirishani akaigeuza fomu, akanionyesha nyuma, chini kabisa, kwa herufi kama sisimizi: nakala ya ombi hupelekwa kwa mwenzi wa ndoa. Kaka, wewe kijitabu ulikisoma mpaka jina la mpiga chapa. Nyuma ya fomu ulisoma?

Mdogo wako

8 Mei

Mdogo wangu,

Sikusoma.

Nina siku tatu najaribu kuongeza neno hapo. Kazi yangu ni kugeuza vitu. Nageuza ngozi, matumbo, hata ulimi naugeuza nitazame chini yake kama una ugonjwa. Karatasi moja sikuigeuza.

Nimeandika rufaa. Nimeambatanisha hati ya polisi, picha ya vidole na barua ya daktari wa meno. Atakayesoma yote hayo asione kwamba mmetengana, basi macho kayaazima.

Mshukuru Fundi. Mwambie nyundo ya soli ni nyepesi, kwetu huku kuna ya kichwa cha fahali.

Kaka yako

2 Juni

Kaka,

Shikamoo. Naandika mwenyewe kwa kushoto, vumilia mwandiko. Majibu ya rufaa yamekuja, nakunakilia:

"Hati ya polisi inaonyesha kwamba siku ya tukio mwombaji na mumewe walikuwa pamoja katika makazi ya mwombaji. Mume amethibitisha kwa maandishi kuwa ndoa ipo, na kuwa alikwenda kuwajulia hali mkewe na mtoto. Kaya ni moja. Mapato yamezidi kiwango. Ombi limekataliwa."

Nilicheka, Kaka. Nilicheka mpaka mshono wa mdomo ukafumuka. Kumbe nilivyokuwa natema meno, tulikuwa tunajenga kaya.

Vidonge vimekwisha tangu Jumatatu. Nilidhani vitafika wiki kumi na nne, lakini Kidoti alizidiwa nikarudi kumpa vizima. Jana ameanguka mara nne. Ya mwisho alikuwa karibu na jiko, mkono umeungua hadi kiwiko. Daktari hakuzunguka maneno. Amesema akiendelea kuanguka mfululizo hivi bila dawa, siku moja ataanguka na hatazinduka. Nikamwambia nipe dawa basi. Akasema, "Mama, kadi."

Najua unawaza nini. Usije. Nimekulia nyumba moja na wewe, nakujua ukinyamaza.

Mdogo wako

29 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kutoka rumande, ninakolala bila kodi. Mfupa wa bega umevunjika, na daktari wa gereza ameufunga bila kuniuliza nina mke au mapato gani. Mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kutibiwa na serikali bure. Kumbe walipaswa kuliandika hilo kwenye kijitabu.

Ya mtaani umeshayasikia. Sikia na yangu.

Nilikwenda kwenye yadi ya malori saa saba, wanakula. Sikwenda kuua. Ningetaka kuua nisingekosea, ndiyo ajira yangu. Nilibeba karatasi niliyoiandika mwenyewe, mistari minne, ya kukiri kwamba mmetengana. Na kisu cha kazini, ili karatasi iheshimiwe.

"Shemeji," nikamwambia, "weka sahihi hapa, kisha mimi na wewe hatujuani."

Akawageukia madereva wenzake, sikio lina pengo. "Jamani, Wakili wa ng'ombe kaja na kesi!" Wakacheka. Halafu akanisogelea, akasema polepole, mimi tu nisikie: "Mwambie mdogo wako Jumamosi nakwenda tena kuthibitisha. Na safari hii nitaanza na yule anayeangukaanguka."

Sijui nani alianza. Mahakamani watasema mimi. Ninachokumbuka ni spana ikishuka, bega likilia, nami nikiwa chini kwenye kokoto. Sasa kule chini ndiko kwenye ujuzi wangu. Nilikata nyuma ya kisigino cha kushoto, kisha cha kulia, pale ambapo sisi tunapitisha ndoano. Akaanguka mdomo bado umekaa kicheko. Akanipiga tena akiwa amelala, nikaufuata mkono wa spana, nikakata ndani ya kifundo mpaka kisu kikagusa mfupa na vidole vikafunguka vyenyewe. Wenzake walikuwa bado wameshika vijiko.

Nimechinja miaka kumi na minane. Ng'ombe anapiga kelele lakini hamwiti mtu. Yeye alikuita wewe. Alikuita kwa jina lako, mara nyingi, kama mtu aliyepotea anayeita nyumbani. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, wala si damu.

Karatasi ilirowa. Hakusaini, na kwa mkono ule hatasaini tena. Kwa hiyo nimekuharibia mara ya pili. Nisamehe. Nawe uniambie Kidoti yuko hai.

Kaka yako

14 Agosti

Kaka yangu,

Shikamoo. Bega linaungaje? Wanakupa chakula cha kushiba? Kidoti yuko hai. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Wiki mbili baada ya barua yako alikuja bibi mmoja wa ofisi ya bima, ana viatu vizuri, Fundi alivitazama kuliko alivyomtazama yeye. Alitoka moja kwa moja wodini kwa yule mtu. Hatatembea tena, na mkono wa kulia umekufa. Kazini wamemwondoa. Hana mapato, hana ndugu anayemtaka.

"Mama, una bahati," akaniambia. "Kaya yenye mlemavu wa kudumu asiye na mapato inapewa ruzuku yote, na haitazamwi kiwango. Wewe, yeye na mtoto. Sharti moja tu, awe anaishi hapa."

"Na nikimkataa?"

"Utakuwa bado mke wake kwa cheti. Anza upya, ombi lako litakwenda kwenye foleni."

"Foleni ya muda gani?"

Akafungua daftari, akalifunga. "Mtoto anaanguka mara ngapi kwa siku?"

Siku hiyo Kidoti alikuwa ameanguka mara sita. Yule bibi alikuwa hajaondoka akaanguka ya saba, miguuni pake, akalowesha viatu vile vizuri.

Basi akaletwa. Fundi na watu wawili walimbeba kwenye kiti, mlango ukawa mdogo wakamgonga kichwa kwenye fremu. Fundi anasema ni bahati mbaya. Nimempa kitanda, mimi na Kidoti tunalala chini.

Ijumaa iliyofuata yule bibi akarudi kuhakikisha. Akachuchumaa mbele yake. "Baba, unaishi hapa?"

Alinitazama mimi, akamtazama mtoto kwenye mkeka, akarudi kwangu. Kaka, alikuwa hana mguu wa kusimamia wala mkono wa kupigia, lakini nilihisi spana imeinuliwa upya. Akasubiri mpaka yule bibi akainua kalamu aandike hapana. Ndipo akasema, "Naishi hapa. Huyu ni mke wangu." Akatabasamu. Laiti na meno yake ungeyapunguza.

Kadi imetoka ina majina matatu, lake la kwanza. Kidoti amepata vidonge vya miezi mitatu. Leo ni siku ya kumi hajaanguka. Jana amekimbia hadi kwenye bomba na kurudi, ndoo mkononi, nami sikumfuata nyuma.

Lakini uhakiki ni kila mwaka. Akisema haishi hapa, kadi inafungwa. Akifa, kadi inafungwa, tunarudi foleni. Yule bibi alieleza mbele yake, na yeye alisikiliza kwa makini kuliko mimi. Tangu siku hiyo hanywi maji mpaka nimwombe. Na tangu juzi anakohoa, kifua kinakoroma, na dawa anaibana kwa meno anaitema ukutani. Huku ananitazama.

Fundi ameniambia, "Mwache ajiendee, dada. Nani atauliza?"

Leo asubuhi nimemnunulia blanketi, lile zito kuliko yote dukani. Nikamfunika hadi shingoni, nikakaa juu ya mkono wake mzima, nikambana pua mpaka akafungua mdomo. Nikamimina dawa, nikamshika taya kwa mikono miwili, vidole vibovu na vizima, wala sikumwachia mpaka nilipoona koo linashuka.

Saa nane anakunywa tena.

Mdogo wako